Dakika Kumi na Nane za Mkeka

Wekundu walipoteza fainali ya Jumamosi wakiwa wamelala kwenye mikeka chini ya mwembe, hatua hamsini kutoka majini, boti yao ikiwa imelazwa kwenye magogo. Ile robo ya urefu wa boti waliyoachwa kwenye mstari wa mwisho ilikuwa risiti tu. Deni lilikuwa limeshakopwa.

Mliokuwapo mnakumbuka. Kwenye mchujo wa asubuhi wekundu waliwaacha wabluu urefu wa boti nzima, tena kwa mapigo 32 kwa dakika, wakipepesa macho pembeni kama watu wanaosubiri chai. Fainali ilikuwa ianze saa tano. Saa nne na nusu boti zote zilikuwa majini, zimeshapasha, jasho linatiririka, ndipo upepo ukageuka na ziwa likaanza kutoa mawimbi yenye povu. Waamuzi wakazirudisha boti nchi kavu. Sina neno nao. Upepo ulipotulia kipaza sauti kikatangaza: fainali saa sita kasorobo. Kutoka tangazo hilo mpaka mstari wa kuanzia zilibaki dakika thelathini na tano.

Hapo ndipo kocha wa wekundu alipofanya uamuzi wake. Aliita mikeka.

Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia akihesabu. Vijana wanne wakakaa chini, miguu imenyooka mbele, kila mmoja anajaribu kushika vidole vya miguu, na nyuma ya kila mgongo akasimama kijana wa akiba anausukuma ushuke zaidi. "Moja, mbili, tatu..." mpaka tisini. Mapumziko kidogo, kisha tisini nyingine. Wakageuka kifudifudi, kisigino kinavutwa mpaka kwenye kalio, tisini kila mguu. Zikaja nyonga, goti moja chini, tisini. Wakamalizia kwa kuegemea mwembe wakinyoosha misuli ya nyuma ya miguu chini ya goti, tena tisini. Nilitazama saa yangu: dakika kumi na nane. Watazamaji waliokuwa jirani yangu walivutiwa sana. Mmoja alisema, "Hawa ndio wana kocha." Nikanyamaza, maana siku hizi ukisema kitu ufukweni unaambiwa una timu yako.

Kisha wakabeba boti, wakaingia, wakaenda mstari wa kuanzia polepole, nusu nguvu, "wasijichoshe." Wakafika, wakageuza, wakakaa kimya dakika tatu nzima mikono magotini. Bendera ikashuka. Mapigo matano ya kwanza ya wekundu mliyaona: makasia yaliingia karibu pamoja, yalitoka kwa pamoja, na boti ikawa kama imefungwa gogo tezi. Kufika mita 250 wabluu walikuwa mbele kwa mita tatu na ushee. Kuanzia hapo mpaka mwisho hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa kitu cha kupima kwa rula.

Msukani wa wabluu alishika mstari ulionyooka kuliko wote siku ile, na nidhamu ya makasia yao ilikuwa safi. Basi, yamesemwa.

Turudi mkekani. Kila aliyekulia kijijini amewahi kutengeneza manati. Mpira mpya, mkavu, uliokaza: ukiuvuta na kuuachia, jiwe linaondoka kabla hujafumba jicho. Mpira uliokwisha kuvutwa na kuvutwa, ukaachwa umevutika juani: unauvuta, unakuja vizuri tu, tena unakuja kwa urahisi, lakini jiwe linaangukia miguuni pako. Msuli na kano zake haviko mbali na hapo. Ukiushikilia msuli katika hali ya kunyooka kwa muda mrefu unapungua ukakamavu, na si huo tu. Amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye msuli nayo inapoa. Nguvu bado ipo, ila inafika kwa kuchelewa na inafika pungufu. Kwa mtu anayekwenda kulala ni neema. Kwa mtu ambaye baada ya robo saa anatakiwa kuiamsha boti iliyosimama kwa mapigo matano ya kupasua kifua, ni kumnyang'anya panga getini mwa shamba.

Na boti iliyosimama ndiyo kitu kizito kuliko vyote katika mchezo huu. Ikishashika mwendo inakusaidia. Ikiwa imesimama inakudai. Ndiyo maana tunaanza kwa pigo la nusu, nusu tena, robo tatu, kisha kamili: miguu inasukuma ubao kwa ghafla, mara nyingi, ndani ya sekunde chache. Hakuna mahali pengine katika mita elfu moja panapodai ukakamavu wa msuli kama pale. Kocha wa wekundu aliuchukua ukakamavu huo na kuutandika mkekani.

Wapo watakaosema haya ni maoni ya mzee mwenye kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini hesabu pia zipo. Mwaka 2016 mtafiti David Behm na wenzake walikusanya na kupitia tafiti nyingi kuhusu kunyoosha misuli kabla ya kazi. Walichokuta: kunyoosha kwa kushikilia sekunde 60 au zaidi kwa msuli mmoja kulipunguza utendaji kwa wastani wa asilimia 4.6. Chini ya sekunde 60 upungufu ulikuwa asilimia 1.1, kitu cha kusamehewa. Kunyoosha kwa mwendo, yaani kurusha miguu, kupiga hatua ndefu na kuzungusha nyonga bila kuganda, kulileta nyongeza ndogo ya asilimia 1.3. Jamani, sekunde 60. Yeye alihesabu tisini, mara mbili.

Sasa tuipeleke asilimia hiyo majini. Boti haiongezi kasi sawa na nguvu unayoitia. Maji yanakataa, na kasi inapanda kwa kipeuo cha tatu tu cha nguvu. Punguza nguvu asilimia 4.6, kasi inapungua kama asilimia moja na nusu. Asilimia moja na nusu ya mita 250 za kwanza ni mita tatu na robo tatu. Boti ya wanne ina urefu wa kama mita kumi na tatu. Robo yake ni mita tatu na robo. Sisemi kwamba hesabu hii ni ya mahakamani. Tafiti zile nyingi zilipima watu wakiruka au wakisukuma uzito, wala hazikupimwa ziwani kwetu, na athari yenyewe hufifia kadiri dakika zinavyopita. Lakini ndivyo hasa mlivyoona: waliachwa mwanzoni, halafu mwili ulipoamka wakaenda sambamba mpaka mwisho. Boti iliyozidiwa uwezo huendelea kuachwa. Hii haikuendelea.

Na ili nisimwonee: wangenyoosha hivyo hivyo, halafu wakapasha upya sawasawa, sehemu kubwa ya hasara ingeyeyuka. Tafiti hizo hizo zinaonyesha kwamba kunyoosha kukifuatiwa na kupasha kamili, madhara yanakuwa madogo sana. Kosa ni kuweka mkeka mwishoni, juu ya miili iliyokwisha pashwa na kuanza kupoa, na kufuatisha safari ya kinyonge kuelekea mstari wa kuanzia. Kocha wa wabluu alifanya la kawaida kabisa: akawavisha makoti, akawatembeza, akawachutamisha na kuwarusharusha miguu, na njiani kuelekea mstarini akawapigisha mapigo kumi ya nguvu mara tatu. Hakuna aliyempigia makofi.

Haya mazoea yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mpira wa shuleni. Sote tulipangwa mstari na mwalimu wa michezo, mkono kiunoni, "inama, shika vidole, hesabu mpaka kumi," kisha tukacheza. Makocha wetu wa makasia wengi wao walipitia hapo, na mchezo wao mpya wakauvalisha sare ya zamani. Tuna jirani, Kathleen Noble wa Uganda, mpiga makasia wa kwanza wa nchi yake kufika Olimpiki, ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, na amerudi tena Paris 2024. Amekwenda peke yake kwenye boti ya mtu mmoja dhidi ya dunia nzima. Sijasikia kocha wetu hata mmoja aliyesema, ngoja nimwulize dada yule dakika thelathini za mwisho anazitumiaje. Tunauliza boti yake ni bei gani.

Shauku ya kushika vidole vya miguu ndiyo inayonichosha zaidi, na hili nimeliandika hapa mara nyingi kiasi kwamba mhariri hunitania. Mpiga makasia hahitaji kushika vidole vya miguu. Anahitaji kufika mbele, kwenye kushika maji, magoti yamekunjwa, mifupa ya miundi imesimama wima, kifua kimelala karibu na mapaja, na mgongo bado umenyooka kutoka nyongani. Hiyo inataka vifundo vya miguu vinavyokunjika, nyonga zinazofunguka, na misuli ya nyuma ya paja inayomruhusu mtu kuinama kutoka nyonga badala ya kukunja kiuno. Mtazame kijana wa kiti cha omo wa wekundu pale mkekani: vidole alivishika, kweli, lakini alivishika kwa kuukunja mgongo kama kambare kwenye kikapu. Nyonga zake hazikusogea. Majini alifanya vilevile: kila anapofika mbele, kiuno kinajikunja, kichwa kinazama, na kasia linaingia maji kwa kuchelewa nusu kiganja. Mgongo wa chini ndio sehemu inayoumia zaidi kwa wapiga makasia duniani kote, na kiuno kinachokunjwa namna ile, mara mia moja na zaidi kwa mbio moja, maelfu kwa wiki, kinajitafutia daktari. Kumsukuma mgongoni ili akunje zaidi ni kumfundisha kosa kwa bidii.

Kijijini kwetu palikuwa na mzee aliyevusha watu kwa hori. Makasia mawili, vishwara vya kamba ya katani, kiti cha ubao kisichoteleza. Sikumwona hata siku moja akijinyoosha. Lakini alichutama. Akisubiri abiria alichutama, akila alichutama, akishona wavu alichutama, visigino vimekanyaga chini bapa, magoti kwapani, mgongo umetulia, nusu saa nzima anapiga soga. Chukua mkao ule, ulaze kidogo nyuma, mpe makasia: ndio mkao wa kushika maji ambao makocha wa Ulaya wanalipwa kuutafuta kwa vijana wao. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa vimejengwa na miaka sabini ya kuishi karibu na ardhi. Vijana wetu wa sasa wanakaa kwenye viti tangu chekechea, wanapanda bodaboda kwenda dukani, na ukiwaambia wachutame visigino vinanyanyuka kama vya kuku anayevuka tope. Mimi kipimo changu cha kumpokea kijana kwenye boti ni hicho tu: chutama, visigino chini, mikono mbele, kaa dakika mbili unieleze ulikotoka. Anayeanguka chali bado anaweza kuwa mpiga makasia, lakini nimeshajua kazi ya miezi sita ijayo.

(Na kwa kuwa nimemtaja mzee: alikuwa akipiga kasia. Mtangazaji wa Jumamosi alisema "kafi" mara kumi na moja, nilihesabu. Kafi ni la mtumbwi, unashika mikononi na kutazama unakokwenda. Kasia limeshikwa na kishwara au chuma, na unatazama ulikotoka. Watu wa pwani walishayatenganisha haya kabla redio haijazaliwa.)

Kwa nini lakini tusubiri miezi sita wakati ubao wa miguu una skrubu? Hili nalo lilinikera asubuhi ile. Kijana ambaye vifundo vyake havikunjiki anasaidiwa siku hiyo hiyo kwa kushusha viatu vyake kidogo kwenye ubao, au kuulaza ubao kwa digrii chache, ili asilazimike kukunja kiuno kufidia. Ni kazi ya spana na dakika tano. Kwenye dakika thelathini na tano alizokuwa nazo, kocha wa wekundu angeweza kuifanya mara saba. Viatu vya kijana wa omo vilikuwa juu kiasi kwamba magoti yalimgonga kifuani.

Unyumbufu mwingi nao si sifa. Kwenye kiti cha tezi cha wekundu amekaa kijana laini kama uji, anayeweza kujikunja mpaka makalio yaguse visigino, na anafanya hivyo kila pigo. Inapendeza kwenye picha. Lakini ukishapitisha miundi mbele ya wima, mguu uko mahali dhaifu kuliko pote; unasukuma na hakuna kinachotoka mpaka umerudi nyuma sentimita kadhaa. Huyo hahitaji kunyooshwa kabisa. Anahitaji kuambiwa pa kukomea. Akanyooshwa naye dakika kumi na nane, kama wenzake, kwa sababu mikeka ilikuwa minne.

Nikitaka kujisafisha macho baada ya siku kama ile huwa narudi Eton Dorney, Agosti 2, 2012, Olimpiki ya London. Boti ya wanne ya uzani mwepesi ya Afrika Kusini: James Thompson, Matthew Brittain, John Smith na Sizwe Ndlovu. Dakika 6, sekunde 2.84. Uingereza, nyumbani kwao, sekunde 3.09, Denmark 3.16. Boti tatu ndani ya theluthi moja ya sekunde baada ya mita 2,000, na hao wanne wetu wa bara hili walikuwa nyuma mpaka wanaukaribia mstari wa mwisho. Tazama mita 300 za mwisho. Wanaongeza mapigo, na kila anayeongeza mapigo akiwa amechoka huwa anafupisha: hafiki mbele, anakata pigo, anageuza maji povu. Wao wanaendelea kufika. Vifua vinakwenda mapajani, miundi inasimama wima, makasia yanaingia mbali. Huo ndio unyumbufu ninaouzungumzia. Ulikuwa umo miilini mwao siku ile kabla hawajaamka kitandani, na hakuna aliyeweza kuwaongezea wala kuwapa kwa robo saa. Uzani mwepesi umeagwa kwenye Olimpiki huko Paris 2024, na mimi bado sijasamehe, lakini hilo lina safu yake.

Vijana wa leo wananiambia mashine imebadilisha mambo. Wanachaguliwa kwa namba za mashine ya mazoezi, nani kavuta mita 2,000 kwa dakika ngapi, na mwenye namba nzuri anapewa kiti. Mashine imefungwa sakafuni. Haijui kama umefika mbele kwa nyonga au kwa kiuno, inapokea nguvu kutoka kwa mtu aliyejikunja kama kamba mti na kumwandikia namba safi. Kijana wa omo wa wekundu, nimeambiwa, ana namba bora kuliko wote katika klabu yao. Naamini.

Basi kunyoosha kuna saa yake, na saa yake ni jioni, mwili ukiwa wa moto baada ya mazoezi, hakuna bendera inayosubiriwa. Misuli ya nyuma ya paja, makalio, mbele ya nyonga pale panapokaza kwa kukaa, nyuma ya mguu chini ya goti. Sekunde 30 zinatosha kwa mkupuo, mara mbili, siku tatu au nne za wiki, wiki baada ya wiki. Kwa wanaovuta kasia moja upande mmoja, kama hawa wa boti ya wanne, ongeza kuzungusha mgongo wa juu kwa pande zote mbili, kwa sababu mchezo wenyewe unawazungusha upande mmoja maisha yao yote na mbavu ndizo zinazolipa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na watazamaji. Hakuna jirani atakayesema "hawa ndio wana kocha."

Na asubuhi ya mbio, kama kijana amelala vibaya na paja limekaza, mwache alinyooshe sekunde ishirini, liachie, asimame, arushe miguu. Sijawahi kusema mtu asijiguse.

Nilibaki mpaka zawadi zilipotolewa. Wekundu walipokea medali zao za fedha, wakapiga picha, na mara honi ya lori ikalia kwa sababu safari ya kurudi ilikuwa ya saa nne na dereva hakutaka giza. Wakapanda vilevile, na jasho, misuli ya moto, nyonga zimekaza, wakakaa kwenye mabao magoti yamebanwa. Hiyo ndiyo ilikuwa robo saa ya kunyoosha. Nilimtafuta kocha nimwambie, nikamkuta nyuma ya lori anahakikisha hakuna kilichosahaulika. Mikeka alikuwa ameshaikunja na kuifunga kamba.